Uzi maalumu: Yajnavalkya, mjuzi wa Kihindu aliyeswaga ng'ombe kwanza na kujibu maswali baadaye

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Wengi wetu tukisikia habari za mjuzi wa Kihindu wa zama za kale tunamwona mzee mkimya, ndevu hadi kifuani, macho ameyafumba, ameketi chini ya mti na dunia haimhusu. Yajnavalkya hakuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa na wake wawili, mali haikumchukiza, ulimi wake ulikuwa mkali, na mbele ya mfalme alisema alichotaka kusema. Pamoja na hayo, maneno yaliyotoka kinywani mwake ndiyo ambayo wanafalsafa wa Kihindu wa shule ya Vedanta wamekuwa wakiyafafanua hadi leo, na Shankara, mfafanuzi mashuhuri wa karne ya 8, aliyaandikia sherehe, yaani maandishi ya ufafanuzi, ndefu kuliko alizoyaandikia maandiko mengine mengi.

Kabla sijaenda mbali niseme nia yangu, maana mada za dini huzua tafrani upesi. Simwiti mtu aingie dini yoyote, wala sishindanishi imani. Ninachotaka kuonyesha ni jambo moja nililoligundua baada ya kumsoma mara nyingi, nalo ni kwamba Yajnavalkya hakuyatoa maneno yake mazito kwa hiari. Alikamuliwa. Kila penye fundisho lake kubwa pana mtu aliyekataa kuridhika na jibu la kwanza, na katika sehemu mbili nzito kuliko nyingine mtu huyo ni mwanamke.

Habari zake za kale zimo katika Brihadaranyaka Upanishad, mojawapo ya Upanishadi, yaani maandiko ya kale ya Kihindu ya falsafa, jina ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema "Upanishadi kubwa ya msituni", andiko lililo mwishoni mwa kitabu kikubwa cha matambiko kiitwacho Shatapatha Brahmana. Wataalamu wengi huliweka andiko hilo kati ya karne ya 7 na ya 6 kabla ya Kristo, na kwa muda mrefu lilihifadhiwa vichwani tu, mwalimu akimkaririsha mwanafunzi neno kwa neno. Lina sura kubwa sita, na sura ya tatu na ya nne karibu zote ni za Yajnavalkya.

Mahali penyewe ni Videha, nchi ya mfalme Janaka, ambayo leo ni kaskazini mwa jimbo la Bihar nchini India pamoja na kipande cha kusini mwa Nepal, ambako mji wa Janakpur bado unabeba jina la mfalme huyo. Videha ilikuwa mashariki, ilhali sifa ya elimu wakati ule ilikuwa ya watu wa magharibi, wa nchi za Kuru na Panchala. Kwa hiyo Janaka alipofanya tambiko kubwa lenye zawadi nyingi, na Wabrahmani, yaani watu wa tabaka la makuhani, wa Kuru na Panchala wakafurika ugenini, pale hapakuwa na ibada peke yake. Palikuwa na majivuno ya watu na nchi zao.

Janaka akataka kujua ni nani kati yao aliye mjuzi kuliko wote. Akawafungia zizini ng'ombe elfu moja, na kwenye pembe za kila ng'ombe pamefungwa vipande kumi vya dhahabu. Kisha akatangaza kwamba aliye mjuzi kuwapita wenzake na awaswage ng'ombe hao kwake.

Wabrahmani wakanyamaza. Ukiangalia vizuri utaona ule ulikuwa mtego, kwa sababu anayenyanyuka amejitangaza kuwa bora kuliko kila aliyeketi pale, na asiyenyanyuka amekubali kuwa si yeye. Yajnavalkya hakutoa hotuba. Alimgeukia mwanafunzi wake akamwambia, "Samashravas, mwanangu, waswage." Kijana akawaswaga.

Baraza likachafuka. Ashvala, kuhani wa mfalme mwenyewe, akamwuliza kama kweli yeye ndiye mjuzi kuwashinda wote. Jibu alilopewa sijaona mfano wake katika maandiko ya dini yoyote: "Aliye mjuzi kuliko wote tunamsujudia. Sisi shida yetu ni ng'ombe tu."

Nitaendelea chini.

#2 Mwanzisha uzi

Baada ya jibu hilo walimwandama mmoja baada ya mwingine, jumla yao watu wanane, na mmoja wao, Gargi, alirudi mara ya pili. Maswali ya Ashvala yalihusu matambiko na sitayakalia, maana anayesoma leo bila kuyajua matambiko yenyewe ataona kiza. Wa pili, Artabhaga, ndiye wa kusimama naye.

Artabhaga aliuliza hivi. Mtu akifa, sauti yake inaingia katika moto, pumzi yake katika upepo, jicho lake katika jua, akili yake katika mwezi, sikio lake katika pande za dunia, mwili wake katika ardhi, nywele zake katika miti na majani, na damu yake majini. Je, hapo mtu mwenyewe yuko wapi? Swali limepangwa kwa ufundi wa ajabu, kwa kuwa limekwisha kumgawa marehemu kipande kwa kipande mpaka hakuna kilichobaki cha kuitwa yeye.

Yajnavalkya hakumjibu hadharani. Alimwambia, "Nishike mkono, Artabhaga. Jambo hili tutalijua sisi wawili tu, si la kusemwa mbele ya watu." Wakatoka nje wakazungumza. Andiko halituingizi katika mazungumzo yao, linatuambia tu kwamba walichokizungumza kilikuwa karma, yaani matendo, na kwamba mtu huwa mwema kwa matendo mema na mbaya kwa matendo mabaya. Leo karma ni neno ambalo hata vijana wa mitandaoni wanalitupa hovyo wakimwona mtu amepatwa na balaa. Hapa tunaliona likiwa bado changa, siri inayosemwa kwa sauti ya chini na watu wawili walioshikana mikono nje ya ukumbi. Artabhaga aliporudi hakuuliza tena.

Sasa Gargi binti Vachaknu. Mara ya kwanza alishika lugha ya mfumaji wa nguo. Kama vitu vyote vimefumwa juu ya maji, mtande na mshindio, basi maji yamefumwa juu ya nini? Upepo. Na upepo? Akawa anapanda naye ngazi moja baada ya nyingine, kwenye dunia za jua, za mwezi, za nyota, za miungu, mpaka dunia za Brahman, yaani Uhalisi ulio mkuu kupita vyote. Gargi akauliza na hizo zimefumwa juu ya nini. Yajnavalkya akamkata: "Gargi, usiulize kupita kiasi, kichwa chako kisije kikadondoka." Gargi akanyamaza.

Msomaji wa haraka hufunga ukurasa hapa akiamini mama wa watu kazibwa mdomo. Lakini baada ya Uddalaka Aruni kuuliza lake kuhusu yule anayeviongoza vitu vyote kutoka ndani navyo havimjui, Gargi alisimama tena. Safari hii aliomba ruhusa kwa baraza zima, akisema ana maswali mawili, na kwamba mtu huyu akiyajibu basi hakuna hata mmoja wao atakayemshinda. Kisha akamwelekea Yajnavalkya na kumwambia kwamba, kama shujaa wa Kashi au wa Videha avutavyo upote kwenye upinde wake na kusimama na mishale miwili mkononi, ndivyo na yeye alivyosimama mbele yake na maswali mawili.

Mshale wa kwanza: kilicho juu ya mbingu, kilicho chini ya ardhi, kilicho katikati, na kile watu wanachokiita wakati uliopita, uliopo na ujao, vimefumwa juu ya nini? Akajibiwa kwamba juu ya anga. Mshale wa pili: na hilo anga limefumwa juu ya nini? Angalieni kwamba ni swali lile lile alilotishiwa nalo kichwa, ila sasa limekuja kwa mlango mwingine.

Hapo ndipo Yajnavalkya alipolazimika kumtaja Asiyeharibika, naye alimtaja kwa kukanusha tu. Si mnene, si mwembamba, si mfupi, si mrefu, hana kivuli, hana giza, hana ladha, hana harufu, hana jicho, hana sikio, hana sauti, hana ndani wala nje, hali chochote wala haliwi na yeyote. Na bado ni kwa amri yake jua na mwezi vimewekwa mahali pake, na mito mingine hutiririka mashariki na mingine magharibi kutoka kwenye milima myeupe. Haonekani, lakini ndiye aonaye, na hasikiki, lakini ndiye asikiaye.

Gargi akaligeukia baraza: "Waheshimiwa, mkiachiwa na mtu huyu kwa kumwinamia tu, hesabuni mmepata kikubwa." Mimi husema hukumu ya shindano lile ilitolewa na Gargi. Mfalme hakufumbua kinywa.

#3 Mchangiaji

Ahsante kwa uzi, mkuu. Nina maswali mawili. Ndugu zetu Wahindu wanafahamika kwa miungu mingi, na mahekalu yao ya Mombasa na Dar es Salaam yana sanamu za kila namna. Je, mjuzi huyu aliulizwa idadi yake? Pili, habari hiyo ya kichwa kudondoka ilikuwa vitisho vya maneno tu au kuna aliyepatwa nayo?

#4 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, maswali yako yote mawili yanajibiwa na mtu mmoja, Vidagdha Shakalya, aliyeipuuza hukumu ya Gargi akasimama mwisho.

Shakalya aliuliza miungu ni mingapi. Yajnavalkya akataja hesabu kutoka katika utenzi wa ibada: mia tatu na watatu, na elfu tatu na watatu. "Sawa," akasema Shakalya, "lakini miungu ni mingapi hasa?" Thelathini na watatu. "Sawa, lakini ni mingapi hasa?" Sita. Swali lile lile likarudiwa, na hesabu ikashuka: watatu, wawili, mmoja na nusu, mmoja. Huyo mmoja na nusu ni upepo uvumao, na yule mmoja ni pumzi, anayeitwa Brahman. Wale thelathini na watatu aliwachambua pia, wanane wakiwa Vasu, kumi na mmoja Rudra, kumi na wawili Aditya, kisha Indra na Prajapati.

Nakuomba usiharakishe kusema kwamba alifuta miungu. Jibu la kwanza hakulitengua, wala la pili. Anachosema ni kwamba idadi inategemea unauliza ukiwa umesimama wapi, na ndiyo maana kila jibu lilipokewa kwa neno "sawa" kabla swali halijarudi.

Ama kichwa, kilidondoka kweli kwa mujibu wa simulizi. Baada ya mabishano marefu Yajnavalkya alimgeuzia Shakalya swali kuhusu yule anayefundishwa na Upanishadi, akamwonya kwamba asipomjua kichwa chake kitapasuka. Hakumjua, kikapasuka. Andiko linaongeza kwamba wanyang'anyi waliiba hata mifupa yake wakidhani ni kitu kingine. Wapo wanaoichukulia habari hiyo kama ilivyo na wapo wanaoiona kama namna ya kale ya kusema kwamba mtu ameaibishwa kabisa. Kwangu mimi uzito uko kwenye tofauti kati yake na Gargi. Wote wawili walitishiwa kichwa. Gargi alitulia, akapanga upya swali lake, akarudi akiwa amejipima. Shakalya alikuwa anauliza ili mwenzake ashindwe.

#5 Mchangiaji

Kaka, umeandika vizuri na nimefurahi kuhusu Gargi. Lakini nimewahi kusikia kwamba mzee huyu mwishowe aliwaacha wake zake akaenda zake msituni. Mtu anayegawa mali na kuondoka nyumbani tunamwitaje mwalimu wa roho? Nieleze bila kumpamba.

#6 Mwanzisha uzi

Dada yangu, sitampamba.

Alikuwa na wake wawili, Maitreyi na Katyayani. Andiko linasema Maitreyi alipenda mazungumzo ya Brahman, na Katyayani alikuwa na maarifa ya kawaida ya wanawake, maneno ambayo kwa kweli yana dharau ndani yake. Siku moja Yajnavalkya alimwita Maitreyi akamwambia, "Naondoka katika maisha haya. Njoo nifanye mgawo kati yako na Katyayani."

Katika desturi ya Kihindu, mtu kuondoka nyumbani uzeeni akayatafute ya milele ni jambo la heshima, na kugawa mali kwanza ni kutimiza wajibu. Hilo ndilo jibu la desturi. Jibu la Maitreyi ni kali zaidi. Aliuliza, "Bwana, kama dunia nzima iliyojaa mali ingekuwa yangu, je, ningepata kutokufa kwa hiyo?" Mumewe akamjibu kwamba hapana, maisha yake yangekuwa kama ya watu wenye uwezo, lakini tumaini la kutokufa kwa mali halipo. "Basi kitu kisichonipa kutokufa nikifanyie nini? Nipe unachokijua."

Kwa hiyo alikuja kugawa ng'ombe na dhahabu, mkewe akamdai elimu. Nadhani hata yeye alishtuka, kwani alimwambia kwamba siku zote alikuwa mpenzi wake na sasa amesema neno la kupendeza, akamtaka aketi.

Hapo ndipo lilipotoka lile fundisho ambalo watu hulielewa vibaya: si kwa ajili ya mume kwamba mume hupendwa, hupendwa kwa ajili ya nafsi, si kwa ajili ya mke, wala watoto, wala mali, wala miungu. Ukilisoma juu juu utadhani anafundisha ubinafsi, kwamba kila mtu anajipenda yeye tu. Lakini neno analolitumia, atman, halimaanishi "mimi" mwenye jina na cheo anayegombea kiti cha mbele harusini. Ni ile nafsi ya ndani kabisa, iliyo moja katika mume, katika mke na katika mtoto, na kwa hiyo ninapompenda mwenzangu ni yenyewe inayojitambua upande wa pili. Akasema nafsi hiyo ndiyo ya kuonwa, kusikiwa, kufikiriwa na kutafakariwa.

Kisha akatoa mfano wa chumvi. Tuchukue ile chumvi ya mawe ya kununua sokoni, bonge zima, tulitumbukize kwenye ndoo ya maji. Litayeyuka. Hutaweza kuingiza mkono ukalitoa tena kama lilivyokuwa, lakini ukichota kwa kikombe juu, au katikati, au chini, utaonja chumvi. Ndivyo alivyo Kiumbe yule mkuu asiye na mwisho, ambaye si kitu kingine ila utambuzi. Mtu huinuka kutoka katika vitu hivi vya dunia na huyeyuka tena pamoja navyo. "Na baada ya kufa," akasema, "hakuna utambuzi."

Maitreyi hakuitikia kwa adabu tu. Alisema, "Hapo umenichanganya, bwana." Alikuwa na haki ya kuchanganyikiwa, kwa sababu mumewe amesema nafsi yote ni utambuzi, kisha akasema baada ya kufa hakuna utambuzi. Bila kauli hiyo tusingepata ufafanuzi. Yajnavalkya akaeleza kwamba penye wawili ndipo mmoja humwona mwingine, humsikia mwingine, humjua mwingine. Yote yakiisha kuwa nafsi moja, atamwona nani, na kwa kitu gani? "Yule ajuaye yote, utamjua kwa nini? Mjuaji, mpenzi, utamjua kwa kitu gani?" Jicho huona vyote isipokuwa lenyewe, ndivyo ninavyomwelewa, ingawa mfano huo ni wangu, si wake.

#7 Mchangiaji

Mkuu, hapo sijaridhika. Juu umesema alifundisha karma, kwamba mtu huvuna matendo yake, na najua Wahindu wanaamini kuzaliwa upya. Sasa kama mtu huyeyuka kama chumvi, ni nani anayezaliwa tena? Naona mjuzi wako anajipinga. Pia nimekutana mara nyingi na maneno "neti neti" na sijui maana yake.

#8 Mwanzisha uzi

Swali zuri sana, na jibu lake analo mfalme Janaka.

Baada ya lile baraza Yajnavalkya aliendelea kwenda kwa Janaka. Safari moja mfalme alimwuliza kama amefuata ng'ombe au hoja nyembamba za elimu. "Vyote viwili, mfalme," akajibu. Huyu mtu hakubadilika. Safari nyingine alikwenda akiwa ameazimia kutosema neno, lakini zamani alikwisha kumpa Janaka ahadi kwamba atamwuliza atakalo, na mfalme akaikumbusha.

Janaka akaanza na swali linaloonekana jepesi: mtu anatumia nuru gani? Nuru ya jua, ndiyo anayokaa nayo, anayotembea nayo na kufanyia kazi. Na jua likichwa? Mwezi. Na mwezi ukichwa? Moto. Na moto ukizimika? Sauti, maana hata usipouona mkono wako mwenyewe, ikitoka sauti mahali unaifuata. Aliyewahi kurudi nyumbani usiku wa giza, taa zote zimezimika, akaongozwa na mtu wa ndani anayeita "huku, huku", hatahitaji maelezo zaidi. Na sauti ikinyamaza? Hapo nafsi yenyewe ndiyo nuru yake.

Kutoka hapo akaingia katika usingizi na ndoto. Mtu huenda kati ya kuwa macho na kuota kama samaki mkubwa aogeleavyo kando zote mbili za mto, na huzama katika usingizi mzito usio na ndoto kama kipanga aliyechoka kuruka anayekunja mbawa na kurudi kiotani. Katika usingizi huo baba si baba, mwizi si mwizi.

Sasa kuzaliwa upya. Anasema kiwavi akifika ncha ya jani hushika jani jingine kwanza, kisha hujivuta mwili mzima. Na sonara huchukua kipande cha dhahabu akakifanya umbo jipya, zuri zaidi. Ndivyo nafsi inavyoliacha umbo moja ikaliendea jingine. Kinachoivuta ni tamaa: mtu huwa kama tamaa yake, tamaa huzaa nia, nia huzaa tendo, na tendo ndilo analolifikia. Lakini anaendelea kusema, na hapa ndipo jibu lako lilipo, kwamba hayo ni ya mwenye tamaa. Yule ambaye tamaa zimemwishia, ambaye anachokitaka ni nafsi tu naye amekwisha kukipata, pumzi zake haziondoki kwenda kokote. Akiwa Brahman, huingia katika Brahman, na mwili wake hubaki kama gamba la nyoka lililotupwa juu ya kichuguu.

Kwa hiyo simwoni akijipinga. Kiwavi ni habari ya anayeshika jani jingine, na chumvi ni habari ya asiye na jani la kushika.

Ama "neti neti", maana yake ni "si hivi, si hivi". Ni muhtasari wa lile jibu alilompa Gargi. Nafsi haishikiki, kwa hiyo haishikwi. Haiharibiki, kwa hiyo haiharibiwi. Kila jina utakaloleta atakwambia si hilo. Wengi huichukulia kama kanuni ya kutafakari, na wana sababu zao, lakini nikiisoma mahali pake naisikia kama jibu la mtu aliyebanwa na waulizaji hodari mpaka maneno yote yakamwishia.

#9 Mchangiaji

Naomba kuongeza na kuuliza. Mimi niliwahi kusoma sheria, na katika sheria za urithi za Wahindu kuna Yajnavalkya Smriti, na sherehe yake Mitakshara. Ni mtu huyo huyo? Nimesikia pia hadithi ya kwamba alitapika elimu yake ikaliwa na ndege. La mwisho, jirani zetu Wahindu walikuwa wakisoma dua ya kutolewa gizani kupelekwa nuruni. Ni yake?

#10 Mwanzisha uzi

Nianze na dua. "Kutoka yasiyo kweli nipeleke kwenye kweli, kutoka gizani nipeleke nuruni, kutoka mautini nipeleke kwenye kutokufa." Imo katika Upanishadi hiyo hiyo, sura ya kwanza, lakini haikutoka kinywani mwake. Ni maneno ya kukaririwa na mwenye tambiko wakati kuhani anapoanza kuimba.

Kitabu cha sheria kinabeba jina lake tu. Yajnavalkya Smriti ilitungwa karne za mwanzo baada ya Kristo, wataalamu wengi wakiiweka kati ya karne ya 3 na ya 5, karibu miaka elfu moja baada ya baraza la Janaka, nayo ina sehemu tatu, za mwenendo, za mashauri na za kafara. Mitakshara, sherehe ya Vijnaneshwara, iliandikwa kusini mwa India karibu mwaka 1100, na mahakama za Waingereza nchini India ziliifuata katika kesi za urithi kwenye sehemu kubwa ya nchi. Kwa kuwa tumezungumza habari za wake na mgawo wa mali, nitaje kwamba kitabu hicho kinamweka mjane wa kwanza katika orodha ya warithi wa mtu aliyekufa bila mtoto wa kiume.

Hadithi ya ndege ni ya vitabu vya Purana, vya baadaye sana. Mwalimu wake Vaishampayana alipatwa na kosa zito akawataka wanafunzi wamfanyie kafara. Yajnavalkya akasema hao wengine ni dhaifu, atafanya peke yake. Mwalimu akakasirika kwa majivuno hayo akamwamuru arudishe yote aliyofunzwa, naye akayatapika. Wenzake wakageuka kwale wakayadonoa, na ndiyo asili inayotajwa ya jina Taittiriya, tawi la Yajurveda, andiko takatifu la matambiko, liitwalo Nyeusi, kwa kuwa kwale huitwa "tittiri". Yeye akaliomba jua, likamjia kwa umbo la farasi na kumpa Yajurveda Nyeupe. Kitaalamu tofauti ya Nyeusi na Nyeupe ni ya mpangilio: katika Nyeusi maneno ya ibada yamechanganywa na maelezo yake, katika Nyeupe yametengwa. Hata hivyo aliyetunga hadithi ile alimjua mtu wake. Jeuri iliyomgombanisha na mwalimu ni ile ile iliyoswaga ng'ombe. Na Upanishadi yenyewe inamtaja Uddalaka Aruni kuwa mwalimu wake, maana yake siku ile barazani alikuwa akimjibu hata aliyemfundisha.

Dada uliyeuliza habari ya wake zake, nilisahau kukwambia jinsi inavyoisha. Habari ya Maitreyi imesimuliwa mara mbili katika andiko lile, na mara ya pili inamalizika kwa Yajnavalkya kumwambia kwamba amekwisha kufundishwa, na kwamba kutokufa ndiko huko, kisha anaondoka. Hatuambiwi kama Maitreyi aliridhika safari hii, wala mali ile iligawanywaje. Na Katyayani, aliyekuwa na haki ya fungu lake, hakuulizwa neno, wala andiko halikumpa hata sentensi moja ya kusema.